Mguu wa Okito, Karatasi ya Onema

Mara ya tano tulipofika kwenye baraza ya ofisi ya serikali pale Kindu, hata mlinzi hakutuuliza tena tumefuata nini. Mume wangu Okito alikaa sakafuni, akanyoosha mguu wake uliopinda. Kutoka kijijini kwetu, njia ya Lokandu, mtu mzima hutembea saa nne. Yeye na gongo lake, saa nane. Nilichoka mimi mwenye miguu miwili, sembuse yeye.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kila Jumatatu kapita, msimamizi wa kazi, huita majina ya wanaume wa zamu ya kutengeneza barabara. Asiyeitika, gerezani siku saba. Jumatatu ile shemeji yangu Onema, mdogo wake Okito, alikuwa hoi kwa homa. Kapita alipoita "Onema", Okito akaitika. Kijijini wote huitikiana hivyo, na kapita hujifanya haoni, mradi idadi itimie. Adhuhuri lori la serikali likarudi nyuma bila honi, likamkanyaga. Kapita akaandika: Onema, mguu wa kulia, umevunjika.

Tangu siku hiyo tunaomba fidia. Okito alikuwa akipanda michikichi kukata mikungu. Sasa hata kizingiti kinamshinda, na nyumbani tuko sita.

Karani Florentin alifungua faili letu.

"Mama, nilikuambia. Karatasi inasema Onema njo alivunjika. Huyu njo Okito."

"Mguu si unauona?"

"Mguu naona. Lakini zamu haikukuwa yake. Baba, siku ile ulikuwa unafanya nini mu barabara?"

Okito alitazama sakafu. Jibu alikuwa nalo, na njia nzima nilikuwa nimemgombeza alitoe. Akilitoa, Onema angelala gerezani siku saba, basi.

"Onema angali anakohoa," alikuwa ameniambia njiani. "Mule ndani watu wanakufa."

Nilimwona mjinga, nasema kweli. Na palepale nikajua kwamba nisingeolewa na mwingine.

Florentin akatoa karatasi yenye muhuri.

"Haya. Jibu ya bwana mukubwa ilifika. Franka hakuna. Lakini Onema, kwa sababu ya mguu, amesamehewa kazi ya barabara mpaka kufa kwake." Akafungua daftari lingine, akapitisha kidole. "Okito, zamu yako njo Jumatatu."

Nilicheka kwa uchungu, kisha machozi yakanitoka mbele ya watu. Okito aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili.

"Aksanti, baba," akamwambia karani yule kijana, tukaanza safari ya kurudi. Usiku huo aliiweka karatasi mkononi mwa mdogo wake, akaenda kulala bila kula.

Jumatatu Okito alijikongoja hadi kwenye mstari, akaegemea gongo. Nilisimama kando nikiwa na hasira na kila mtu, Onema kwanza.

"Okito," kapita akaita.

"Niko," sauti ikajibu nyuma yetu.

Alikuwa Onema, mifupa mitupu bado, jembe begani. Kapita alimtazama yeye, akalitazama gongo la mume wangu, akatia alama kwenye daftari, akaita jina lililofuata.