Mbegu za Nyumba Zilizofungwa

Kijiji cha Silari, kwenye milima ya India, kina nyumba kumi na saba, na wakati huo kumi na moja kati yake zilikuwa na kufuli mlangoni. Wenyewe walishashuka mlima kutafuta riziki, huyu Dehradun, yule Delhi, na wengine mbali zaidi, ambako hata mama zao hawakujua pa kuwaulizia. Nyasi ziliota juu ya mapaa ya mawe. Kwenye nyua zao bangi ya mwituni ilijiotea ikarefuka kumpita mtu, kama ndiyo iliyoachiwa nyumba.

Sateshwari alizijua nyumba zile kwa wanawake waliokuwa wakizifagia. Ile ya mwisho ilikuwa ya Rajmati. Waliolewa mwezi mmoja, wakafika Silari wageni wote wawili, wakajifunza pamoja ni wapi penye utelezi kwenye njia ya maji na mama mkwe yupi wa kuogopwa zaidi. Tangu Rajmati aondoke ilikuwa miaka tisa. Sateshwari alikata majani ya ng'ombe peke yake, na mara nyingine alijikuta amegeuka kumwambia mtu jambo, na mtu hayupo.

Basi mumewe Kundan, aliyekuwa mpishi wa hoteli huko Delhi, aliporudi na wazo la kulima bangi ya halali, ile ya nyuzi na mbegu isiyolevya, watu walimcheka. Bibi Bachuli, jirani yao, alimwambia kwamba wenzake huenda Delhi kutafuta akili, yeye ameiacha huko. Sateshwari hakucheka. Alichosikia yeye ni kwamba kazi ya nyuzi inataka mikono mingi.

Walihangaikia kibali miaka miwili. Waliwaandikia barua wenye kufuli wote, kuwaomba mashamba yao yaliyolala, kwa mapatano kwamba kitakachopatikana kitagawiwa nyumba zote kumi na saba, zenye watu na zisizo na watu. Wanawake wa nyumba sita zilizobaki wangesokota nyuzi kwa mashine moja ya kuanzia. Mavuno ya kwanza yakipita salama, ingenunuliwa mashine ya pili, na kazi yake iliwekewa Rajmati na mumewe. Rajmati alishamwarifu mwenye chumba chake kule Ghaziabad, karibu na Delhi, kwamba mvua zikiisha anahama.

Serikali nayo ilikuwa na sharti lake. Mbegu zitoke kwenye magunia yake yaliyofungwa kwa lakiri, na mmea ukipimwa, ulevi wake usizidi sehemu tatu katika elfu. Ukizidi, shamba lote linafyekwa na kibali kinakwenda nalo.

Sasa, Silari wana desturi yao. Siku ya kupanda, kila nyumba huleta konzi moja ya mbegu, zikamiminwa kwenye kapu la mpandaji, ili pasiwe na nyumba iliyoachwa nje ya mavuno. Siku ile wanawake walichota kutoka gunia la serikali, maana ndizo zilizoruhusiwa, wakamimina wakitaniana. Nyumba sita, konzi sita. Sateshwari akalitazama kapu, akaona halijatimia. Kibindoni alikuwa na kifurushi cha mbegu alizozikusanya kwenye nyua zilizofungwa, konzi kwa kila ua, ambazo mwaka mwingine angezikaanga akasaga chatini. Wenzake walipoinama kufunga gunia, alizimimina zote. Moyo wake ukatulia. Kwake yeye, siku ile kijiji kizima kilikuwa kimepanda.

Si kwamba hakulijua sharti. Alidhani tu kwamba mbegu ni mbegu, na kwamba ikilimiwa na kutiwa samadi, hata ya mwituni itashika adabu.

Shamba lao lilikuwa la ngazi saba, zikishuka mlimani. Mvua zilipokolea, kwenye ngazi za juu mimea mingine ilianza kuwapita wenzake kwa kimo, majani mazito, harufu ya kukaba koo. Bibi Bachuli alipita na mzigo wa kuni, akachuma jani, akalisugua, akanusa.

"Huyu si wa serikali, binti yangu. Huyu namjua tangu nilipokuwa bibi harusi. Marehemu mume wangu alikuwa akizungumza naye kila jioni."

"Nyamaza, mama."

"Mimi nitanyamaza. Yeye je?"

Wapimaji walikuwa waje baada ya siku nne. Wangechuma vichwa vya mimea huku na huku, ngazi zote, wakavitia mfuko mmoja. Sateshwari akawa anapiga ramli moyoni. Akikaa kimya, huenda mikono yao ikaangukia penye salama, na Rajmati akarudi. Huenda isiangukie. Alikamua ng'ombe akasahau kuondoa ndoo, ikapigwa teke. Siku ya pili alimkuta mumewe akikanda unga wa ulezi, kazi ambayo tangu Delhi hamwachii mtu, akamweleza.

Kundan hakuinua kichwa. "Ulitia konzi ngapi?"

"Kumi na moja."

"Moja kwa kila kufuli."

"Ndiyo, Baba Anjana."

Alikanda mpaka donge likaharibika. Kisha akayatoa yaliyomjaa: foleni alizopanga, na karani aliyemwambia kwamba watu wa milimani ni wavutaji tu, hawaaminiki, naye akaapa mbele yake kwa jina la kijiji. "Nimeapa, Mama Anjana. Na wewe, ndani ya nyumba yangu, ukanifanya mwongo."

Sateshwari akaliondoa lile donge, akapima unga mwingine.

Baadaye, sauti imeshuka, Kundan aliuliza kama konzi ya nyumba ya kaka yake, moja ya zile zenye kufuli, nayo ilikuwamo. Akaambiwa ilikuwamo. Akageukia moto, akaongeza kuni.

Bibi Bachuli alijitolea kuchagua kwa pua, mmoja mmoja. Kundan akakataa, pua ya bibi ikikosea mmea mmoja wamekwisha. Kapu lile lilianzia ngazi ya juu likamalizikia ya tatu, na nne za chini zilipandwa kutoka gunia lenyewe, kwa hiyo zote tatu zing'olewe, wema na wabaya. Alipiga simu ofisini mwenyewe, akasema ukweli wake. Siku mbili waling'oa, yeye na wanawake wote, mvua ikiwanyeshea. Wapimaji walikuja, wakazitazama ngazi tatu zilizo tope tupu, wakaandika, wakachuma kwenye nne zilizobaki. Wiki ya tatu jibu likaja kwamba shamba limepita.

Wanawake walimega sukari guru wakalishana. Lakini kila mmoja alijua kwamba ngazi nne ni nyuzi za mikono iliyopo tu. Mashine ya pili hakuna. Kundan akasema atampigia Rajmati yeye.

"Hapana," Sateshwari akasema. "Hiyo ni yangu."

Simu hushika kwenye kona ya hekalu tu. Alipanda asubuhi, akamsimulia Rajmati yote, akamwomba asije kwanza. Upande wa pili zilisikika honi za magari.

"Kumbe na kwenye ua wangu ulichukua," Rajmati akasema.

"Ningekuachaje, dada?"

"Zikaota?"

"Ziliota."

"Ndefu?"

Sateshwari hakujua mmea upi ulikuwa wa ua upi. Alikuwa ameng'oa wote kwa pamoja. "Zilinipita kichwa," alisema.

Rajmati akapumua. "Chumba kimeshapata mtu. Basi, nitatafuta kingine, vyumba havikosekani." Halafu akasema, "Bado mjinga wewe. Vilevile ulivyokuwa."

"Vilevile."

"Mwakani, basi."

Sateshwari alitaka kumuuliza kama ni mwakani kweli, au ni neno la kumfuta mtu machozi. Lakini kule mwajiri ambaye Rajmati humpikia alikuwa akimwita, na simu ikakatika. Alibaki pale pale, ameishika mkononi, maana akishuka hatua kumi tu haishiki tena. Alikaa mpaka aliposikia, kule chini, ng'ombe wakilia njaa.