Njaa ya Mchana

Mke wangu akifunga kula, nyumba nzima inafunga. Redio inazimwa, milango inafungwa taratibu, na mimi, ambaye sijafunga chochote, natafuna polepole kama mwizi nikiogopa meno yangu yasisikike chumba cha pili.

Mimi ni fundi makochi. Kazi yangu naifanyia barazani: nachana vitambaa vilivyochoka, natoa sponji zilizobonyea, naweka mpya, napigilia. Mke wangu ni fundi cherehani. Yeye yuko sebuleni, dirishani, anashona majoho ya kwaya na sare za shule. Mtaani wanamwita Saa ya Ukutani. Akifagia, majirani wanajua kumekucha. Akianza kuimba, wanabandika chai. Si mtu mbaya, na anayesema ni mbaya aje aniambie mimi. Ila ni mtu wa mstari. Ukimletea kitambaa kilichokatwa upande, hapati usingizi mpaka akinyooshe.

Tuna mtoto mmoja, wa kike, tuliyempata wakati watu wameshachoka kutuuliza. Tulimpa jina zuri la ubatizo lakini halikushika, kwa sababu tangu anajifunza kukaa alikuwa haachii kijiko, hata akilala. Basi akawa Kijiko. Kijiko akakua, akasomea upishi, akapata kazi kwenye mgahawa ule mkubwa karibu na stendi. Kazi nzuri, na mwenye mgahawa anamsifu mpaka anachosha. Tatizo lilikuwa moja. Jumapili ndiyo siku yenye wateja kuliko zote, na Jumapili hiyohiyo Kijiko alikuwa anaimba sauti ya pili kanisani, pale mbele, ambapo mama yake akigeuza shingo kidogo tu anamwona.

Kijiko akaanza kukosa kanisani, na mwanzoni mama mtu alivumilia. Halafu siku moja mchana, tukiwa watatu mezani, akasema neno ambalo sijui alilitoa wapi. Alisema, "Anayeuza siku ya Bwana kwa sahani za wali, asikae mezani kwangu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele, kelele hupita. Kijiko alifuta mikono, akasogeza kiti chake nyuma, akaenda kufunga mzigo. Mimi nilikuwa na tonge mkononi, na nakwambia kweli, tonge lile sijui liliishia wapi. Kabla jua halijazama mtoto alikuwa amepata chumba cha kupanga upande wa pili wa mji.

Tangu siku hiyo mke wangu hali mchana. Asubuhi anakunywa chai, jioni anakula kidogo. Mchana ananipakulia mimi, anafunika vyombo, anaingia chumbani na kupiga magoti. Alimwahidi Mungu kwamba chakula cha mchana hakitapita mdomoni mwake mpaka mtoto arudi nyumbani. Na mimi akanifunga kwa ahadi nyingine: nisimwambie mtu yeyote, na zaidi ya wote nisimwambie Kijiko. Bwana alifundisha kwamba mtu akifunga asijionyeshe kwa watu, anawe uso, ajipake mafuta.

Basi alijipaka! Kila mchana uso ulikuwa unang'aa mpaka majirani wanauliza mume anamlisha nini siku hizi. Akienda kikao cha akina mama wa kanisa, wakileta maandazi na chai, anatabasamu na kusema, "Nimeshiba, jamani, asanteni." Akipelekewa sahani ya msiba, "Nimeshiba." Alilizoea neno hilo likawa linatoka lenyewe, kabla hajaulizwa.

Siku moja sikuweza kujizuia. Nikamwambia, "Mama, kusema umeshiba na tumbo linanguruma, huo si uongo?"

"Nimeshiba Neno," akajibu, bila kuinua macho kwenye mshono.

Ukioa mtu wa maombi, jifunze kushindwa mabishano mapema.

Lakini nilikuwa namwona. Kila Jumamosi alikuwa analitoa kabatini joho la Kijiko, lile la kwaya, analipiga pasi kuanzia kola mpaka pindo, analirudisha. Hakuna aliyelivaa, kwa hiyo halikuwa na kunyanzi hata moja, lakini lilipigwa pasi. Akimaliza alikuwa analishika begani kidogo, pale ambapo bega la mtu hukaa, ndipo afunge kabati. Na mimi ningekuwa mlangoni nikijifanya natafuta mkasi.

Sitaficha, na mimi nilikuwa na hamu ya mtoto wangu mpaka inauma. Nilikuwa na hamu ya kusikia sufuria zikianguka jikoni na mtu akicheka badala ya kuomba radhi. Nilikuwa na hamu ya kuulizwa, "Baba, chumvi imetosha?" na mtu ambaye hasubiri jibu. Nyumba yetu ilikuwa safi, kimya, na ya kuchosha.

Nikamwambia mke wangu, "Si uende tu ukamwite? Hapo stendi si ng'ambo ya bahari."

"Nimemwachia Mungu."

"Mungu naye amekuachia miguu."

Alisimamisha cherehani. Nilidhani nitapewa changu, nikajiandaa. Lakini alivuta uzi, akaukata kwa meno, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Baba Kijiko, naujua ulimi wangu. Nikifika pale nitaona amevaa nini, nitaona amechelewa wapi, nitasema. Nitasema tena kitu. Nikifunga, angalau mdomo wangu unanyamaza. Acha Mungu amlete mwenyewe, anayejua kusema vizuri ni Yeye."

Nilirudi barazani nikapigilia kochi la watu mpaka mbao ikapasuka.

Mimi sikuwa nimekatazwa kumwona Kijiko. Nilikuwa natoka kwenda kununua sponji. Duka la sponji liko mkono wa kulia na mgahawa uko mkono wa kushoto, lakini miguu yangu haina elimu hiyo. Naagiza chai. Baadaye kidogo Kijiko anatoka jikoni na aproni yake, jasho kwenye paji la uso, anakaa mbele yangu kwa dakika ambazo mwenye mgahawa anajifanya hazioni.

"Mama anakusalimu," namwambia kila mara.

Siku moja akacheka, lakini si kwa furaha. "Baba, mama hajanisalimu. Wewe ndiye unayenisalimu mara mbili."

Nikakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Anakula?" akauliza.

Hapo ndipo ahadi inapokuwa mfupa kooni. "Anakula," nikasema. "Anakula sana."

"Nilijua tu. Mimi ndiye ninayekosa usingizi." Akatazama mlango wa jikoni. "Naimba kule nyuma, baba, nikimenya vitunguu. Sauti ya pili peke yake, bila ya kwanza. Wenzangu wanasema naimba vibaya. Hawajui kwamba wimbo wenyewe ni nusu."

"Njoo nyumbani, mwanangu."

"Nilifukuzwa mezani, baba. Mtu hawezi kurudi mezani kwa watu kwa kujipenyeza."

Nilirudi bila sponji. Mke wangu aliniangalia mikono mitupu, akaniuliza tu, "Mzima?" Nikasema, "Mzima." Akaendelea kushona. Lakini jioni ile aliimba akiwa anaosha vyombo, na aliimba sauti ya kwanza peke yake, akaishia katikati. Nusura nivunje ahadi palepale.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Ilikuwa siku ya katikati ya wiki, mchana, jua kali. Nilikuwa nimepiga magoti barazani mbele ya kochi, misumari midogo nimeibana kwa midomo, maana fundi makochi mdomo ndio mfuko wake. Nikasikia, "Hodi." Nikageuka. Kijiko amesimama pale na aproni ya kazini, anahema, ameshika hotipoti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Nilitaka kusema karibu, lakini ukifungua mdomo na misumari ndani unaweza kuzikwa kesho. Nikapunga nyundo.

Akapita, akaingia sebuleni. Cherehani ikanyamaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Kutoka barazani nilikuwa nawaona wote wawili kupitia dirishani. Kijiko aliweka hotipoti mezani, akafungua. Harufu ya wali na kuku ilinifikia mpaka nje, na mimi nilikuwa bado sijapakuliwa.

"Nimekipika mwenyewe, mama. Si cha mgahawani. Nimekipika kwangu asubuhi, nikaomba ruhusa nitoke kidogo." Alikuwa anaongea harakaharaka, anavyoongea akiogopa. "Nimesema leo nile na mama yangu."

Mke wangu aliinuka. Uso wake ulikuwa umepakwa mafuta, unang'aa. Niliona mkono wake umeanza kunyanyuka, kweli niliuona. Halafu likaja lile tabasamu la kikao cha akina mama, na mdomo ukatangulia mtu.

"Nimeshiba, mwanangu. Asante."

Kijiko alisimama pale na kifuniko mkononi. "Hata kuonja?"

"Nimeshiba kabisa."

Jamani. Nimeona makochi yakianguka ghorofani, yakatua barabarani, yakapasuka. Sikuwahi kuona kitu kikivunjika kimyakimya namna ile. Kijiko alifunika hotipoti. Akaifunika vizuri, akakaza, akafuta pembeni kwa aproni.

"Haya, mama. Nilikuwa napita tu."

Napita tu! Kutoka upande wa pili wa mji, na aproni, na chakula cha moto mkononi. Alipita mbele yangu bila kunitazama, na nilijua hatanitazama kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika.

Nilitema misumari yote sakafuni. Nikaingia ndani na viatu, jambo ambalo nyumba yetu hairuhusu.

"Mke wangu, umekuwa ukimwomba Mungu nini kila siku humo chumbani?"

Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Amrudishe mtoto."

"Na huyo aliyetoka sasa hivi ni nani?"

Alinitazama. Akautazama mlango. Kisha akasema, "Sikusema mimi. Lilitoka lenyewe. Nimelisema mara nyingi mno."

Na hapo akakimbia.

Nimekaa na mwanamke yule miaka mingi, sijawahi kumwona akikimbia. Hata mvua ikimkuta sokoni anatembea. Alitoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, sindano zimechomekwa kifuani, ndara moja mguuni na nyingine imebaki chini ya cherehani. Kijiko alikuwa ameshafika kwenye kona, pale kwa wauza mkaa, anatembea upesi ameinamisha kichwa.

"Kijiko!"

Hakugeuka.

"Kijiko! Nina njaa!"

Mtaa mzima ulisimama. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alikuwa kibarazani kwake anachambua mchele, akabaki na ungo hewani. Huyu ni Saa ya Ukutani, mwanamke ambaye hajawahi kuomba hata kiberiti kwa jirani, yuko katikati ya barabara, mguu mmoja pekupeku kwenye vumbi la moto, anapiga kelele kama mtoto.

"Nina njaa, mwanangu! Nimesema uongo! Nina njaa!"

Kijiko akageuka.

Mimi nilikuwa nyuma yao, na hapo nikaivunja ahadi yangu bila majuto. Nikapaza sauti, "Mama yako hajala mchana tangu ulipotoka! Hata siku moja! Anakufungia!"

Kijiko alimtazama mama yake, akamtazama muda mrefu, kuanzia uso mpaka mifupa ya shingo chini ya ile futi, akaona yale ambayo mafuta yalikuwa yakificha. Alirudi polepole. Mama yake akamshika mkono, akamvuta kwenye benchi la wauza mkaa, lile jeusi ambalo siku nyingine asingelisogelea hata kwa kitambaa.

"Kaa," akamwambia. "Kaa na mimi, nakuomba. Popote utakapokaa, hapo ndipo mezani kwangu."

Wakakaa. Hotipoti ikafunguliwa magotini. Kijiko alikuwa amebeba kijiko kimoja tu, akampa mama yake. Mke wangu alikula, na alikula vibaya, harakaharaka, wali ukimdondokea kwenye gauni, machozi na kamasi havikufutwa, na watu wote wa mtaa wanaangalia wala hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi nilisimama kando nikiwa na nyundo yangu, sijui nilikuwa nailinda nini.

Kijiko alimwangalia akila tonge baada ya tonge, kisha akamgusa mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilikuwa na woga wa miaka mingi ya kulelewa katika nyumba yetu.

"Mama," akasema, "hujakiombea."

Mke wangu hakuweka kijiko chini. Alijibu chakula kikiwa mdomoni.

"Nimeshakiombea, mwanangu. Nimekiombea mno. Sasa acha nile."