Maua Meupe ya Mama Shalom

Mzee Baudouin alitoka Masisi, akapita Goma, akakaa Kampala, hata akafika ughaibuni, Hagsätra, kituo cha mwisho cha treni, na kote huko hakuwahi kuinama kutazama ua. Kwao ua lisiloliwa wala kutibu homa halihangaikiwi. Linaachiwa mbuzi.

Leo alikuwa amepiga magoti msituni nyuma ya maghorofa, asubuhi ya mazishi ya mkewe, suruali ya suti imelowa. Kitandani hospitalini Olive alikuwa amemwomba neno moja: "Usinizike na maua ya dukani. Niletee yale meupe madogo ya msitu wetu." Naye akaitikia, ndiyo Mama, ndiyo, kama mtu anayejua. Hakujua. Kila mwezi wa tano Olive alikuwa akienda huko peke yake, mumewe amebaki na televisheni.

"Papa, unatafuta ua ama umeangusha jino?" Ni Shalom, binti yao aliyezaliwa huku, amesimama na viatu vyake vya kanisani. "Si haya yamejaa? Yanaitwa vitsippor. Shuleni tulikuwa tunayachora. Chuma twende, pasta anangoja."

Kweli yalikuwa yamejaa, yameifunika ardhi nyeupe pee. Baudouin akachuma moja, akaligeuzageuza. Moyo ukakataa.

"Mama yako alikuwa anarudi kutoka huku na meno ya kijani," alisema. "Namcheka, namwita mbuzi wangu."

"Alikuwa anayala?"

"Majani. Anatafuna njia nzima."

Shalom akampokonya lile ua. "Nej, pappa! Hili lina sumu."

"Basi si hili."

Shalom akaacha kutazama saa. Wakaingia ndani zaidi, chini ya misonobari pasipofika jua, na huko wakakuta meupe mengine, mafupi, yenye mishipa myembamba ya zambarau, majani yake matatu matatu yamekunjwa kama miavuli.

"Harsyra," Shalom alisema taratibu. "Haya hata sisi tulikuwa tunakula."

Baudouin akatia jani mdomoni. Uchachu ukamkaza taya, mate yakamjaa. Ladha ile ile ya majani waliyotafuna wakienda shule, yeye na Olive, wadogo, kule Masisi. Akakaa chini matopeni.

"Papa, suti!"

"Mbona hakuniambia?"

"Uliwahi kumuuliza?"

Akaanza kuchuma, polepole, ua na majani yake.

Kabla hawajafika makaburini maua yalikuwa yamelala, yamenyauka yote kiganjani. Watu wakaweka waridi juu ya jeneza, mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika, Mama Kahindo wa kwaya akamsogelea na waridi la akiba.

"Papa Shalom," alinong'ona, "hayo yamekufa."

"Najua," alisema Baudouin, akainama kuyaweka. "Lakini ndiyo yenyewe."