Ndani ya Mfuko wa Biblia

Jumamosi za Oktoba, Bulawayo huamka na joto lake tayari. Mvua bado, mijakaranda imemwaga maua ya zambarau mpaka njia za bustani ya jiji hazionekani, na ikifika saa nne asubuhi maharusi wameshaanza kugombania mahali pa kupigia picha. Katikati ya vurugu hiyo, kwenye benchi la pembeni ya chemchemi iliyokauka, alikaa MaNdlovu, msimamizi wa maktaba ya mtaa, na mapajani mwake mfuko wa Biblia wa ngozi nyeusi, zipu imefunguliwa.

Waliopita mbele yake walipunguza sauti. Mzee mmoja alivua kofia. Mpiga picha wa harusi aliwafukuza wapambe waliokuwa wakicheza karibu mno.

"Sogeeni kule bwana, mama wa watu yuko na Mungu wake."

MaNdlovu akamshukuru kwa kutikisa kichwa tu. Macho hayakutoka kwenye ukurasa, maana hapo Zenzile, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa anakikaribia kisima cha sita, maji yamemwishia kibuyuni, na yule kijana mwenye kovu shavuni alikuwa karibu kabisa kumwambia kwamba anampenda.

Ndiyo. Biblia ilikuwa nyumbani kabatini, imepumzika. Ndani ya mfuko mlikuwa na hadithi ya vijana, sehemu ya tatu na ya mwisho ya Visima Saba, na mama mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na tisa, naibu kiongozi wa umoja wa akina mama kanisani. Hadithi za vijana zilikuwa ugonjwa wake wa siku nyingi. Vitabu vya watu wazima vilimchosha. Watu wazima wa vitabuni hukaa mezani wakijuta. Vijana huenda. Hupenda mtu mara moja tu, na kwa moyo wote, halafu wanavuka jangwa. Akivisoma alisahau magoti yanayouma na mkutano wa akina mama wa Alhamisi.

Kusoma si kosa, tuelewane. Kosa lilikuwa kwamba zamu ya kitabu kile haikuwa yake.

Kilifika maktaba mwezi wa tisa, kimoja tu, ndani ya boksi la msaada. MaNdlovu mwenyewe alikigonga muhuri wa tarehe ukurasa wa kwanza, na muhuri wa zambarau pembeni mwa kurasa, kama kazi inavyotaka. Kwenye daftari la wanaosubiri palikuwa na majina kumi na moja ya watoto. La kwanza lilikuwa la Nomagugu, binti wa kidato cha pili, aliyekuwa amesoma sehemu mbili za mwanzo mpaka gundi ikaachia. Ilikuwa Ijumaa jioni. Maktaba ingefunguliwa tena Jumatatu. MaNdlovu akajiambia, wikiendi moja tu, nani atajua, kitabu kikae bure kabatini kwa faida ya nani.

Jumatatu alikuwa hajafika nusu. Nomagugu akasimama mbele ya meza na sare yake ya shule.

"Anti, kitabu?"

"Bado, mwanangu."

"Kinakuja kwa miguu nini?"

Watoto waliokuwa wakisoma magazeti wakacheka. MaNdlovu naye akacheka, huku kitabu kiko kwenye mkoba chini ya meza, kimegusana na kisigino chake. Uongo ule ukishatoka, ukamfunga. Kukitoa wiki ya pili maana yake mtoto afungue ukurasa wa kwanza aone tarehe. Basi akakiandika kwenye rejista kwamba kiko kwenye matengenezo, akaendelea kwenda nacho bustanini. Alikimaliza Jumamosi ya tatu, akalia machozi ya raha mbele ya maharusi wa watu. Kisha, na hapa hata sisi tunaompenda hatuna cha kumtetea, akakianza upya.

Mara ya tatu Nomagugu alipouliza, hakutania.

"Anti, mimi naondoka. Mama ameshapata karatasi zake za kuishi kule Johannesburg, anataka nikaandikishwe shule ya huko kabla mwaka haujaisha."

"Hongera mwanangu. Si ndilo ulilokuwa unaliombea?"

"Ndilo." Akawa anakwangua ukingo wa meza kwa kucha. "Mara ya mwisho kumwona nilikuwa na miaka sita. Simu tunaongea, lakini simu yake mbovu, picha haitoki. Sasa Zenzile naye aliachwa ana miaka sita, si ndiyo? Na sehemu hii ya tatu ndiyo anafika kwa mama yake. Nilitaka tu nione alifanyaje. Alianza kusema nini." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Najua ni hadithi tu."

"Bado hakijafika," alisema MaNdlovu.

Alilisema hilo akimtazama usoni. Usiku wake ulikuwa mbaya, na kwenye umoja wa akina mama Alhamisi aliombwa aongoze sala akasingizia koo. Alijiapiza kwamba Jumatatu kitatoka, tarehe au bila tarehe. Lakini kabla ya Jumatatu ilikuwepo Jumamosi, na asubuhi ilikuwa nzuri, na mfuko ulikuwa pale pale juu ya kiti.

Ndivyo alivyokuwa benchini, kisima cha sita, aliposikia sauti juu yake.

"Anti. Nilijua ni wewe."

Nomagugu alikuwa amebeba begi jipya la plastiki la mistari, lile kubwa la wasafiri, limekunjwa kwapani. Bibi yake alikuwa amebaki dukani anabishana bei ya blanketi. MaNdlovu alifunika mfuko kwa viganja vyote viwili.

"Tunaondoka kesho asubuhi," alisema Nomagugu, akakaa bila kukaribishwa. "Sikujua nitakuaga saa ngapi. Kumbe Mungu amekuleta hapa." Akafumba macho, mikono akaiweka magotini. "Nisomee neno moja la safari, Anti. Fupi tu. Bibi anasoma marefu."

Kuna aibu ambazo mtu hazitafuti, zinamfuata benchini. MaNdlovu alikiinua kitabu ndani ya mfuko wake, akakielekeza kifuani, akaisema kwa kichwa zaburi ya wasafiri anayoijua tangu utotoni, huku macho yake yako kwenye mstari ambao kijana mwenye kovu anamshika Zenzile mkono. Sauti ilimtetemeka. Mtu wa pembeni angedhani ni Roho.

"Amina," alisema Nomagugu, akafumbua macho.

Akatazama. Pembeni mwa kurasa, pale ambapo Biblia ya MaNdlovu ina rangi ya dhahabu, palikuwa na muhuri wa zambarau wa maktaba ya mtaa.

"Siku hizi Biblia pia mnaziazima, Anti?"

Nomagugu alinyoosha mkono, akaufunua mfuko kwa kidole kimoja, akasoma jina la kitabu. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza. Akaiona tarehe. Alihesabu midomo ikicheza, wiki moja, mbili, mpaka akafika tano.

"Kumbe kilikuwepo."

"Mwanangu, nisamehe. Nilitaka siku mbili tu, halafu..."

"Halafu tamu."

"Kichukue. Kichukue uende nacho, mimi nitajua cha kuwaambia wakubwa."

"Kuna majina kumi nyuma yangu. Na mimi nitakisoma saa ngapi? Leo nafunga mizigo, kesho niko ndani ya basi na bibi kando ananiombea mpaka mpakani." Alikirudisha mapajani pa MaNdlovu, polepole, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi niambie. Alipofika, mama yake alimjua?"

Hapo MaNdlovu alikuwa na nafasi ya kulipa sehemu ya deni lake kwa kusema ukweli. Na ukweli aliujua kwa moyo. Pale kisima cha saba mama anateka maji, anamtazama Zenzile kama msafiri yeyote, anamjazia kibuyu, anamwambia alale uani. Siku mbili Zenzile analala uani kwa mama yake mzazi, mgeni, anangoja atambuliwe. Hatambuliwi. Siku ya tatu anasimama mwenyewe, anataja jina lake na jina la bibi yake, na mama anakaa chini mavumbini.

Aliufikiria ule uani. Akamtazama mtoto mwenye begi jipya. Akaona kwamba ameshamnyang'anya kitabu, na sasa ampe na uani wa siku mbili akalale nao safarini? Tena, tuseme yote, aliogopa kuwa mtu aliyemtendea mtoto mabaya mawili asubuhi moja. Alitaka aachane naye akiwa amempa kitu kizuri.

"Alimjua," alisema. "Tangu mbali. Alitupa ndoo akakimbia."

Uso wa Nomagugu ukalainika wote. Hasira ilikuwa bado ipo lakini imesukumwa pembeni.

"Bila yeye kusema kitu?"

"Bila kusema kitu."

"Sawa," alisema Nomagugu. Akasimama, akakumbatia begi lake. "Basi sawa. Kwaheri, Anti."

Jumatatu kitabu kilitoka. Kilikwenda kwa jina la pili kwenye daftari, na MaNdlovu alipokigonga muhuri wa kurudisha alijisikia ametua mzigo. Wiki moja aliishi hivyo. Alirudi bustanini na Biblia ya kweli, akalala usingizi ukurasa wa pili.

Ujumbe uliingia Jumatano, saa ya chakula cha mchana, maktaba iko tupu. Ulikuwa mrefu, umeandikwa kwa vipande.

"Anti ni mimi Nomagugu. Tulifika salama. Nimeomba namba yako kwa bibi."

"Nataka nikuulize kitu usimwambie mtu. Tulipofika stendi bibi alienda chooni, mimi nikabaki na mizigo. Mama akaja. Nilimjua palepale, anatembea kama bibi. Ameshika picha yangu ya darasa la kwanza. Akanipita."

"Nikanyamaza. Nikasema atanijua. Akanipita tena, akanitazama kabisa Anti, usoni, akaangalia picha, akaendelea. Nilikuwa nangoja atupe mkoba wake akimbie."

"Bibi alichelewa, kulikuwa na foleni. Alipotoka mama alikuwa ameshaenda polisi kusema sikufika. Tulionana jioni. Analia mpaka leo, anasema yeye mama gani. Mimi sijamwambia kwamba nilimwona. Nikimtazama najiambia mama wa Zenzile alimjua mtoto wake tangu mbali, wangu hakunijua mita moja. Naona kama hanipendi sana. Au ni mimi nina roho mbaya?"

MaNdlovu aliusoma mara moja. Hakuweza mara ya pili. Alikaa na mikono yake juu ya meza, akaiona ni mikono ya mwizi, na alichoiba si karatasi. Mtoto angesoma kile kitabu kwa zamu yake, wiki tano kabla ya safari, angeujua uani, angelala nao, angeuchoka. Angeshuka kwenye basi akijua kwamba mama anaweza kukupita na bado akawa mama. Angefungua mdomo.

Alianza kuandika. Aliandika kwamba kila mama ni tofauti, akafuta. Aliandika kwamba Mungu anajua mioyo, akafuta haraka zaidi. Akainuka, akageuza kibao cha mlangoni kisomeke kwamba pamefungwa, akapiga simu.

"Anti?"

"Nomagugu, nyamaza kwanza unisikilize, nikisita sitaweza tena. Nilikudanganya. Hakumjua."

Nyuma kulikuwa na redio na mtu anaosha vyombo.

"Nani hakumjua?"

"Mama yake Zenzile. Alimtekea maji akamwambia alale uani. Siku mbili alilala pale. Alikuwa anampita asubuhi na jioni, anamsalimia kama mgeni."

"Siku mbili?"

"Siku mbili. Na alikuwa anampenda. Imeandikwa kwamba kila siku aliteka ndoo moja ya ziada kwa ajili ya mtoto wake aliyepotea, na hiyo ndiyo aliyomjazia. Alimwacha ana meno ya utoto, mwanangu. Alikuwa anatafuta yule. Siku ya tatu Zenzile akasema jina lake mwenyewe. Ndipo."

Vyombo viliendelea kugongana huko nyuma, na mwanamke akawa anaimba na redio, nje kidogo ya wimbo.

"Kwa nini uliniambia alikimbia?"

"Niliona haya kwa sababu ya kitabu. Nikataka nikupe kitu kitamu. Si kosa lako, si kosa la mama yako. Ni langu, lote, tangu mwezi wa tisa."

"Ulinidanganya mara ngapi, Anti?"

MaNdlovu alihesabu kwa uaminifu. "Nne. Na ile zaburi nilikuwa sisomi."

Pumzi ilisikika, ndefu, na ingeweza kuwa kicheko au kitu kingine. MaNdlovu alingoja. Alikuwa tayari kutukanwa, kwa kweli alitamani atukanwe.

"Mimi nilikaa nusu saa tu," alisema Nomagugu, kama anayejisemea. Kisha simu ikashushwa mahali, juu ya meza labda, maana sauti yake ilitokea mbali. "Mama. Zima maji kidogo. Mama, kule stendi, mimi nilikuona."

Redio ikazimwa. MaNdlovu hakuwa na haki ya kusikiliza yaliyofuata, kama ambavyo hakuwa na haki ya kile kitabu. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na alitaka mno kujua. Akakata.

Hakupigiwa tena, siku ile wala mwezi ule.