Vyura Wavivu wa Mzee Safari

Bi Asmahani anaapa kwamba chura wa Mzee Safari alichinjwa, akachunwa, akatundikwa, na bado akampigia Mzungu saluti kwa mguu mmoja mara arobaini. Ya arobaini na moja akagoma. Bi Asmahani mwenyewe hajawahi kukanyaga nyumba ya uchunguzi, ile iliyo juu ya Maramba, njia ya Amani, ila hilo halikumpunguzia maneno. Akaongeza kwamba chura hurithi uvivu wa aliyemkamata.

Saleha, binti wa huyo Mzee Safari mkamata vyura, alimsikiliza mpaka mwisho, akaaga kwa adabu, akaenda kazini kwenye nyumba hiyo hiyo. Kazi yake ilikuwa kufukizia karatasi moshi wa koroboi hadi iwe nyeusi ti, kisha kulivisha pipa dogo linalozunguka. Mguu wa chura ukiruka, ulivuta sindano, na sindano ikachora mstari mweupe kwenye masizi. Majirani walisema amesoma hadi darasa la nne ili afuzu kutengeneza masizi.

Maneno ya Bi Asmahani yalitoka kwa Ernesti, karani wa nyumba hiyo. Bwana huyu alivaa soksi za magotini na kutaja vyura kwa Kilatini kama anayewabatiza. Ndiye aliyezungusha gurudumu la kidude cha umeme: kila mzunguko, mshtuko mmoja ulipita kwenye mshipa wa fahamu, na mguu ukaruka. Alilizungusha kama anasaga kahawa, hasa saa ya chakula ikikaribia. Mistari ilianza mirefu, ikafupika, mwisho ikawa kama vinyweleo. Akaandika: vyura wa Safari ni wavivu. Akapiga chapa barua ya kumwachisha mzee, ili vyura waletwe na shemeji yake Abrahamu, ambaye vyura wake eti wana nidhamu. Ilibaki sahihi tu ya Daktari, yule Mzungu. Mzee Safari alikwisha kukataliwa kwenye mkonge kwa sababu ya goti. Vyura ndio waliokuwa ugali wao.

Asubuhi ile, mistari ilipofifia, Daktari alizigusisha waya kwenye nyama yenyewe, bila kupitia mshipa. Mguu ukaruka vizuri. Akasema nyama haijachoka. Kasoro iko pale mshipa unapoikabidhi nyama habari. Akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kuparaza, kwamba kwenye ncha ya mshipa mna vifuko vidogo mno vya dawa, wenzake wa Ulaya wamevipiga picha juzi juzi, na kila mshtuko humwaga baadhi. Alidhani hata ndani ya ubongo, mshipa ukimpa mwenzake habari, huwa hivyo hivyo. Vikiisha kumwagika vinakwenda wapi, hakujua. Ernesti alikuwa akiitikia kabla maneno hayajafika mwisho.

Saleha akaikumbuka harusi ya jirani yao Mastura. Mitungi ya maji ilikuwa minane, imepangwa imejaa. Mpishi Uweso akaita maji, ikaenda minne. Akaita tena papo hapo, ikaenda mingine. Halafu akaita mfululizo, na wasichana wakawa wanainyakua kisimani ikiwa nusu, au robo. Uweso akawatukana wavivu. Alipokaa kutafuna tambuu, walipata nafasi ya kuirudisha na kuijaza, na mwito uliofuata ukamletea maji tele. Saleha alikuwa mmoja wa wale wavivu.

Akaikunjua karatasi ya juzi, siku Ernesti alipotoka kwenda kupokea barua zake katikati ya kazi. Baada ya pengo, mistari ilirudi mirefu. Chura yule yule.

"Bwana Daktari," akasema, "mtungi hautupwi ukiisha maji. Unarudishwa kisimani. Mwitaji akiwa na pupa, unaletwa mtupu."

"Binti Safari sasa ni profesa wa mitungi," akasema Ernesti, akicheka peke yake.

"Na wewe bwana ni Uweso," akamjibu pasi na kumtazama.

Daktari hakucheka. Aliishika karatasi mbele ya dirisha, akaitazama mpaka masizi yakamchafua vidole. Barua ilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Nje Mzee Safari alisikika akishusha gunia kibarazani, akikohoa ili wajue kafika.

Saleha akaweka kiganja juu ya gurudumu.

"Niruhusu nizungushe mimi, bwana. Chura mmoja tu wa baba, polepole, uone kama mistari itafupika. Ndipo utie sahihi, ukitaka."

Ernesti akamsogezea Daktari kalamu. Daktari akaichukua, akaigeuza geuza kati ya vidole vyeusi, macho yake bado kwenye mistari.