Miavuli Hai ya Kibenga

Pale Bwiza, mtaa wa mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, mbele ya duka la vitenge la Mzee Suud, kila Jumamosi asubuhi hupangwa viti na birika la kahawa ya tangawizi, na watu wazima wenye akili zao hukaa kuihukumu dunia. Utaratibu ni huu: kila mmoja analeta ajabu moja ya kweli, kutoka popote. Wenzake wakiridhika, wanasema "imepokelewa". Wasiporidhika, wanasema "rudi nayo", na aliyeileta anaosha vikombe mbele ya wapita njia wote. Kuna wanaume pale ambao nyumbani kwao hawajagusa hata kijiko, lakini vikombe vya barazani wameviosha mpaka vidole vikajikunja.

Yaliyopokelewa ni mengi. Kwamba siku moja ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake, jambo lililobishaniwa wiki tatu. Kwamba pweza ana mioyo mitatu. Kwamba Amerika ya kaskazini kuna chura anayeganda na barafu majira ya baridi, moyo ukasimama kabisa, na joto likirudi anaamka na kwenda zake. Kwamba Australia kuna mnyama anayekunya vipande vya pembe nne; hiyo ilipokelewa kwa vicheko, na Ilyas fundi saa akajimwagia kahawa mapajani.

Mwenye duka mwenyewe, Mzee Suud, alikuwa hajaleta ajabu yoyote kwa miaka ishirini na miwili. Alikaa, akasikiliza, akapokea za wengine. Najla, binti yake, aliyekuwa akiuza dawa katika famasi moja ya Mutanga Nord na kuja kwa baba yake kila Jumamosi, alijua sababu, na sababu hiyo ilimkera kila alipoikumbuka.

Ilikuwa hivi. Wiki ile Suud alipomzika mkewe, Moza, hakuweza kukaa nyumbani na waliokuja kutoa pole. Alfajiri moja, baada ya swala, alitembea mpaka Kibenga, ufukweni, akavua kanzu, akaingia ziwani na fulana yake hadi kifuani. Kulikuwa shwari. Jua lilipopanda akaona maji yamejaa miavuli midogo, hai, isiyo na rangi, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, mamia kwa mamia, imemzunguka pande zote. Alisimama humo mpaka miguu ikafa ganzi. Baadaye alimwambia Najla kwamba asubuhi ile alikuwa ameona hana tena cha kutazama duniani, na Mwenyezi Mungu akamwonyesha kwamba bado hajaona hata robo.

Jumamosi iliyofuata akaipeleka barazani. Akaanza kueleza, hata hajafika mbali wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni rafiki yake mkubwa, Népomuscène, karani wa forodha wakati huo, mtu wa makaratasi na mihuri.

"Apana, Suud," alisema. "Mi nakula samaki ya hili ziwa tangu nikiwa mutoto. Mukeke nakula, ndagala nakula, sangala nakula. Hiyo mwavuli yako sijaiona ku sahani hata siku moja. Ulikuwa unalia, ndugu yangu. Uliona machozi yako. Rudi nayo."

Wote wakaitikia: rudi nayo. Na hilo ndilo kosa la watu wa Bwiza toka zamani: wanaamini wanalijua ziwa kwa sababu wanalila. Kisichofika sokoni hakipo. Suud akaosha vikombe, mfiwa wa siku tisa, akarudi kwenye kiti chake na hakuleta tena neno. Jina likamkaa, Mzee Mwavuli, hata wateja wakalizoea.

Haya yote yangebaki yalivyo, kama si macho. Mwaka jana macho ya Suud yalianza kufifia. Ugonjwa ulikuwa umeyala kimyakimya kwa muda mrefu, na daktari akasema kilichopotea hakirudi. Kufikia mfungo wa Ramadhani alikuwa haoni hata mwanga wa dirisha. Alilipokea kwa utulivu uliomwogopesha Najla kuliko kelele. Kisha mchana mmoja, akimpimia mteja kitenge kwa mkono, dhiraa kwa dhiraa, akasema, kama anayezungumzia bei:

"Najla, ile miavuli. Hivi kweli niliiona?"

"Uliiona, Baba."

"Sina uhakika. Zamani nilikuwa nikifumba macho naiona. Sasa yamefumbwa moja kwa moja, na naona kama Népo alisema kweli. Mtu mwenye huzuni huona mengi." Akakunja kitenge. "Katika yote niliyoyaona kwa macho yangu, ile ilikuwa bora. Kama nayo ilikuwa uongo, basi sijui niliona nini maisha yangu yote."

Najla alirudi Mutanga Nord. Usiku huo hakulala, na kesho yake mchana, famasi ikiwa haina watu, akaanza kutafuta kwenye simu. Alidhani itamchukua wiki. Ilimchukua muda wa kunywa chai. Ziwa Tanganyika, maji matamu kabisa, mbali na bahari yoyote, lina yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini ambao Kifaransa kinawaita meduzi. Wataalamu wa Ulaya waliandika habari zao tangu karne ya kumi na tisa. Wana jina la Kilatini lenye neno Tanganyika ndani yake. Najla alisoma mara ya pili, kisha mara ya tatu, akiwa amesimama. Miaka ishirini na miwili baba yake anaitwa mwongo na jambo lenyewe limeandikwa kabla babu yake hajazaliwa!

Alisoma na mengine, kwa kuwa mtu akiingia humo hatoki haraka. Kwamba ziwa lile lina karibu kilomita moja na nusu kwenda chini, na huko chini kabisa maji hayana hewa ya kumtosha samaki. Kwamba karibu sehemu moja kati ya sita ya maji matamu yote yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia yamo humo, hapo wanapofulia mashuka. Kwamba kuna samaki mama anayebeba mayai yake kinywani, na kambare mmoja mjanja huchanganya yake humo, na watoto wa kambare hutangulia kuanguliwa wakawala wa mwenye nyumba, yeye akiwalea. Alitazama barabara ya vumbi nje ya famasi akaona aibu. Amezaliwa kando ya maji yale na hakuwahi kuyauliza swali.

Jumamosi alisimama barazani na simu yake mkononi. Walimsikiliza kwa heshima, maana ni binti wa mwenye duka. Kisha Népomuscène, mstaafu sasa, miwani mizito, akatikisa kichwa.

"Binti, we unajua utaratibu. Kitu ilirudishwa hairudi na simu. Inarudi na macho ya mutu wa hapa. Simu hata mi inaweza kunionyesha niko ku mwezi nacheza mpira."

"Basi, Tonton, mjomba wangu, njoo ziwani utumie macho yako," Najla akamjibu. "Sababu ni wewe uliyesema ni machozi."

Mzee Népo akamtazama Suud, ambaye alikuwa amegeuza uso upande wa mlango, akakohoa, akasema sawa. Jumamosi tatu atatoa kwenda ziwani. Ya nne ana harusi ya mjukuu.

Jumamosi ya kwanza walitoka na mtumbwi, Suud akiwa nao, lakini upepo ulilivuruga ziwa na hawakuona hata ncha ya kasia. Ya pili maji yalikuwa na tope lililoletwa na mvua, na Népomuscène akarudi na mafua. Najla alianza kujilaumu. Angemwacha baba yake na shaka yake, afadhali shaka kuliko hakika mbaya. Suud hakulalamika. Alikaa mbele ya mtumbwi, mikono magotini, akasikiliza maji, na kila waliporudi alisema tu, "Alhamdulillah, tumetembea."

Mtumbwi ulikuwa wa Jovithe, mvuvi wa ndagala pale Kibenga, mtu wa maneno machache. Hakuna aliyemweleza safari ni ya nini. Walimwambia tu wanataka maji safi. Jumamosi ya tatu, ziwa lilikuwa shwari, milima ya Kongo imesimama wazi ng'ambo, na Jovithe akawasukuma mbali kuliko siku zote. Ndipo alipouliza.

"Kwani munatafuta nini?"

Najla akamweleza: vidogo, havina rangi, mfano wa mwavuli.

"Ah, vile vya maji maji?" Jovithe akasema. "Mi naviona tangu zamani. Siku ingine iko vingi, siku ingine apana. Haviliwi, sasa nitapeleka soko kufanya nini? Hakuna mutu aliuliza." Akaonyesha kwa kasia. "Si hivyo?"

Najla akainama. Mwanzo hakuona kitu ila mwanga uliovunjika. Kisha jicho likashika kimoja, na lilipokishika kimoja likashika kumi, na alipoinua kichwa hakukuwa na mahali pasipo navyo. Kila upande, juu na chini, mpaka pale maji yalipokuwa meusi, vidude vya kioo vilikuwa vikifumba na kufumbua, kila kimoja kwa wakati wake, kwa ukimya. Ajabu hii ilikuwa kubwa kuliko ushindi aliokuja kuutafuta. Hata alisahau kwa muda kwamba alikuja kushinda.

"Baba," akasema mwishowe. "Vipo. Vimetuzunguka."

Suud hakugeuka. Mikono yake ilikuwa imeshika kingo za mtumbwi, mishipa imesimama.

"Wewe ni mwanangu," alisema. "Unanipenda. Ungeviona hata visingekuwepo."

Maneno hayo yalimkata, maana yalikuwa ya kweli. Népomuscène alikuwa amepiga magoti, miwani mkononi, uso karibu uguse maji. Alichota kwa kopo la Jovithe la kutolea maji, la plastiki inayopitisha mwanga, akalinyanyua kwenye jua, akalitazama muda mrefu.

"Suud," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Imepokelewa. Ndugu yangu, mi naipokea. Nisamehe."

"Siombi upokee," Suud akajibu kwa ukali ambao Najla hakuwahi kuusikia. "Na wewe unanihurumia. Kipofu, mgane, mzee. Nani asingempa neno zuri? Usiniambie ninachotaka, Népo. Niambie kinafanya nini."

Karani wa forodha akavaa miwani. Huyu alikuwa mtu aliyeandika kila sanduku lililoingia bandarini kwa miaka thelathini, na sasa aliandika kwa mdomo, taratibu, neno kwa neno, bila kuruka hata moja.

"Iko moja hapa ndani ya kopo, peke yake. Ni ya mviringo. Pembeni iko na nyuzi nyembamba, nyingi, siwezi kuhesabu. Inajifunga. Inajifungua. Kila ikijifunga inapanda kidogo. Inapanda, inapanda… imefika juu. Sasa…" Akalisogeza kopo karibu na miwani.

"Sasa?"

"Sasa imeacha. Haifanyi kitu. Imefungua nyuzi zote na inashuka polepole. Nafikiri imekufa, Suud. Inashuka tu, imelala vile… Apana! Ngoja. Iko karibu kugusa chini, na imeanza tena. Inapanda tena. Mungu wangu, inapanda tena."

Suud aliachia kingo za mtumbwi. Mabega yake, yaliyokuwa juu muda wote, yalishuka.

"Hilo sikumwambia mtu," alisema. "Nilimwambia Najla miavuli. Ninyi niliwaambia miavuli. Hilo la kushuka kama iliyokufa, halafu ikaanza tena, nilikuwa nalo mimi peke yangu. Ndilo lililonitoa majini siku ile. Kama isingepanda tena, Népo, na mimi nisingepanda."

Najla alikuwa na miaka kumi na miwili asubuhi ile ambayo baba yake alirudi nyumbani na fulana inayochuruzika, akamkumbatia mpaka naye akalowa, na maisha yake yote alidhani aliingia majini kupoza huzuni tu.

Népomuscène alimshika Suud mkono, akauingiza majini pamoja na wake, wakabaki hivyo wote wawili wameinamia upande mmoja, hata Jovithe akalazimika kukaa upande wa pili ili mtumbwi usipinduke.