Somo la Moyo

Kidole cha Mwalimu Jafari kiligonga kioo mara ya nne, na kioo kikakaa kimya. Walimu wenzake kumi na saba, waliobanana kwenye mabenchi ya ukumbi wa parokia, walikuwa wamekwisha fungua somo la kwanza. Tableti yake ilionyesha saa tu, na picha ya ziwa asilolijua. Akaibonyeza kwa nguvu zaidi, kama mtu anayepima parachichi sokoni. Wapi.

Vidole vyake havikuwa vya kuchezea vioo. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa amefuta ubao kwa kiganja, maana shule haikuwa na kifutio, na kila chaki zilipokwisha aliandika kwa vipande vya muhogo mkavu. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa imepasukapasuka na kuwa ngumu kama kisigino. Kwa hiyo akafanya kile alichokifanya kila asubuhi kwa daftari la mahudhurio, ambalo kurasa zake hugandana kwa unyevu: alilamba kidole, akakirudisha kiooni.

Inspekta Alexis alikuwa amesimama nyuma yake.

"Maître Jafari," alisema, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima, "ile haiko lituma. Acha kulamba."

Wote wakacheka, maana lituma ni ndizi za kupondwa, huliwa kwa vidole. Jafari naye akacheka, tena zaidi ya wengine, kwa sababu mtu atakayetia saini kwenye karatasi zako humwachi acheke peke yake. Kisha akafuta mate kwa mkono wa koti, koti la marehemu baba yake, na akatamani ardhi ipasuke immeze pamoja na benchi. Ana miaka arobaini na tisa. Kuna walimu mle ndani aliowafundisha kusoma.

Aliyemwokoa ni mkufunzi mwenyewe, Aurélie, binti mdogo aliyevaa fulana ya mradi ulioleta zile tableti. Alimletea kitambaa kibichi na kukaa kando yake.

"Tumia huku, Papa," akamwambia, akimgusa ubavuni mwa kidole cha mwisho. "Huku ngozi iko laini. Vidole ya walimu wote iko vile. Ya papa yangu pia ilikuwa vile."

Jafari akajaribu kwa ubavu wa kidole. Ziwa likaondoka. Somo likafunguka.

Mafunzo yalikuwa ya siku tano, na siku ya tatu akakutana na moyo. Kila mwaka alikuwa amechora moyo ubaoni, na kila mwaka ulitoka kama kiazi chenye mirija. Huu ulikuwa mwekundu na ulikuwa unapiga. Ukiugusa unafunguka, unaona damu inaingia, vijilango vinafumba nyuma yake, damu inatoka upande wa pili. Aliutazama mara saba. Alisahau Inspekta, akasahau aibu ya juzi, akawa anawaza darasa lake la tano pale Mangobo, watoto sitini na wawili, na zaidi aliwaza Benie, msichana wa benchi la mbele ambaye hakubali kitu mpaka akione. Benie angeuliza nani anayevifunga vile vijilango. Jioni ile Jafari aliandika matayarisho ya somo zima kwenye daftari, akapiga mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula.

Darasani kwake kulikuwa na sheria moja iliyomletea sifa. Kila alipomaliza kuandika kitu aliuliza, "Mnaona?", na mtoto aliyejibu ndiyo aliitwa mbele aonyeshe kwa kidole. Aliyeonyesha hewa alirudi nyuma ya darasa na kusimama. "Mwenye hajaona aseme hajaona," aliwaambia tangu siku ya kwanza. "Mwenye hajaona hana kosa. Mwenye anasema ameona, ule ndiye mwongo." Baba yake, aliyefundisha Kurani kwa mbao zilizooshwa kwa maji, alikuwa na maneno kama hayo hayo.

Lakini sheria haimlishi mtu. Jina la Jafari halikuwamo kwenye orodha ya walimu wanaolipwa na serikali, na halijawahi kuwamo. Zamani wazazi walichanga. Masomo yalipofanywa ya bure michango ikakoma, na walimu wa namna yake wakabaki wakifundisha kwa matumaini. Anayeilisha nyumba ni mke wake, Madina, kwa lituma na samaki anaouza karibu na soko la Mangobo. Jafari hula mwisho, na hula kidogo, na husema ameshiba.

Sasa tangazo lilikuwa limetoka: walimu wenye cheti cha mafunzo ya vifaa vya kidijitali, dosye zao za kuomba mshahara zitapelekwa Kinshasa kwanza. Cheti kilihitaji saini ya Inspekta.

"Donc watakulipa?" Madina aliuliza, mikono yake imo kwenye kinu.

"Wakitia signature."

Madina akaponda ndizi kidogo, kisha akasema bila ukali, "Papa Nasra, hii neno ya signature nimeisikia tangu Nasra iko mgongoni. Leo Nasra anavaa viatu yangu."

Angemfokea ingekuwa nafuu. Jafari alichukua ndoo akaenda kisimani, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Mwezi mmoja baada ya mafunzo, sanduku la bati lililetwa shuleni likiwa na tableti kumi na mbili. Lilikaa kwa mkuu wa shule siku mbili. Siku ya tatu Inspekta akaja kulichukua, akisema shule haina mlango wa maana, wezi ni wengi, yeye atalitunza mpaka paneli ya jua ifike. Paneli iko njiani, alisema. Jafari alimsindikiza hadi kwenye gari akiwa amelibeba lile sanduku mwenyewe, kichwani, kama mtu anayebeba mzigo wa mkwe.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja akakata shauri, akapiga koti pasi ya mkaa, akatembea kwa miguu hadi nyumbani kwa Inspekta, upande wa Makiso, kwenda kuulizia cheti chake. Aliambiwa angoje uani. Alipoinua macho kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama, akaona paneli juu ya paa la bati. Ilikuwa kubwa na mpya, na pembeni yake palikuwa na alama ile ile ya mradi iliyokuwa kifuani mwa Aurélie. Waya ulishuka ukutani na kuingia dirishani. Ndani muziki ulikuwa unapiga na friji ilikuwa inanguruma.

Inspekta alitoka na kandambili. Aliona Jafari anaona.

"Iko hapa juu ya sécurité, juu ya wezi," alisema taratibu. "Tunaelewana?"

"Tunaelewana, Papa Inspecteur."

"Bon. Alhamisi wageni ya mradi wanakuja. Nimechagua darasa yako. Wewe utatoa somo, ile ya moyo, Aurélie aliniambia unaipenda. Wageni wakienda na furaha, natia signature pale pale. Unajua watu wanasema nini: mgeni njoo, mwenyeji apone."

Jafari alishukuru. Alishukuru mara mbili, kwa mikono miwili, na njiani akirudi kila alipozikumbuka zile shukrani alihisi uso unawaka.

Alhamisi sanduku lilifika saa tatu asubuhi, wageni wakingojewa saa tatu na nusu. Jafari alikuwa amefagia darasa, amewanawisha watoto mikono. Akachukua tableti ya kwanza na kubonyeza kwa ubavu wa kidole kama alivyofundishwa. Nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya tano iliwaka, ikaonyesha picha ya mtoto wa Inspekta amevaa miwani ya jua, kisha ikazimika. Alizijaribu zote kumi na mbili, halafu akaanza upya.

"Hazina moto, Papa Inspecteur."

"Watoto wamecheza nazo jana, mimi sikujua." Inspekta alitazama saa yake. "Haina neno. Utafundisha vile vile."

"Vile vile namna gani?"

"Jua inapiga kwa dirisha, vioo vyote vinang'aa. Mutu akisimama mlangoni haone ndani iko nini. Watasimama mlangoni, watapiga photo, wataenda. Watoto wapitishe vidole, wewe uulize, wao wajibu. Somo si unaijua kwa kichwa?"

"Papa Inspecteur, watoto hawa nawafunza kusema kweli."

"Alors, leo wafunze hii." Inspekta akafungua mkoba na kutoa karatasi nene yenye muhuri. Jina lilikuwa limeandikwa vizuri, Jafari, na chini yake palikuwa na mstari mtupu. Alimwonyesha, kisha akairudisha mkobani. "Kama unaona haya, sema. Mwalimu wa darasa la nne anangoja hapo inje."

Jafari alisimama akiitazama klipu ya mkoba. Aliwaza viatu vya Madina miguuni mwa Nasra. Kisha akaingia darasani.

Aliwagawia tableti, moja kwa watoto watano au sita. Akawaambia wapitishe vidole polepole. Akawaambia, akiuliza mnaona nini, wajibu: moyo. Akiuliza unafanya nini, wajibu: unapiga. Watoto walicheka, wakadhani ni mchezo, na kwa kuwa ni mchezo waliushika upesi. Benie peke yake aliinua mkono.

"Mwalimu, na mwenye hajaona?"

"Leo wote wameona," Jafari alisema.

Wageni wanne walikuja na kusimama mlangoni kama ilivyotabiriwa. Jua lilikuwa kali, vioo vilimetameta. "Mnaona nini?" aliuliza Jafari, na sauti yake ikatoka nzuri, sauti ya mwalimu. "Moyo!" "Unafanya nini?" "Unapiga!" Kamera zikalia. Akaeleza damu inavyoingia na vijilango vinavyofumba, akaeleza vizuri kwa sababu alikuwa ameupenda moyo ule kweli, na watoto waliitikia huku wakisugua vioo vyeusi.

Ndipo mmoja wa wageni, mama mzee mwenye miwani, akaingia. Alipita katikati ya mabenchi akitabasamu na kuinama kwa Benie, jua la dirishani likimeremeta kwenye miwani yake. Akamuuliza kwa Kifaransa, polepole, anaona nini.

Benie alimtazama mwalimu wake. Alimtazama muda mrefu, jinsi alivyozoea kutazama ubao anapotafuta kosa.

"Yangu haiwaki," alisema kwa Kiswahili. "Zote haziwaki, Mwalimu."

Yule mama hakujua Kiswahili. Aligeuka kwa Jafari, bado anatabasamu, akauliza mtoto amesema nini.

Inspekta, pale mlangoni, alihamisha mkoba kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

"Anasema anaona moyo," Jafari alijibu kwa Kifaransa. "Anasema unapiga."

Mama yule akampapasa Benie kichwani na kusema vizuri sana, vizuri sana. Benie hakushukuru. Kifaransa alikijua; Jafari ndiye aliyemfundisha, na hakuna mtoto aliyekishika kumzidi. Aliinamisha uso juu ya kioo na hakuuinua tena mpaka wageni wakatoka.

Saini ilitiwa juu ya boneti ya gari, kwa kalamu ya Jafari mwenyewe, ambayo haikurudishwa. Sanduku likapakiwa nyuma. Inspekta alimpigapiga begani akamwambia yeye ni mtu wa maendeleo. Nyumbani Madina aliishika karatasi kwa ncha za vidole asije akaitia mafuta, akaitazama pande zote mbili, akaifungia kwenye mfuko wa plastiki na kuichomeka chini ya dari. "Kazi umeifanya," alisema, na usiku ule alimpakulia Jafari kwanza. Jafari akaisukuma sahani. Alisema ameshiba.

Jumatatu alirudi kwenye somo la moyo. Alitaka kulifundisha sawasawa, ubaoni, kiazi chake na mirija yake, vile alivyojua. Benie alikuwa mahali pake, benchi la mbele, amekunja mikono. Jafari alijaribu kukutana na macho yake akashindwa, akageukia ubao. Alichukua kipande cha muhogo, akakiinua, na kabla hakijagusa ubao kikakatika na kuanguka. Akainama kukiokota. Na pale chini, mgongo wake ukiwa kwa watoto, mdomo wake ukasema wenyewe neno ulilolizoea:

"Mnaona?"

Ubao ulikuwa mtupu.

"Tunaona, Mwalimu," darasa zima likajibu kwa pamoja. "Unapiga."

Jafari aligeuka. Watoto sitini na wawili walikuwa wanamtazama kwa heshima, wamekaa wima. Benie naye alikuwa ameitikia, na kidole chake kilikuwa kinasugua meza tupu, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia.